Mpeni Mwanafunzi Msomaji

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa walimu wa lugha wa shule za msingi na za upili kutoka Kisii na Nyamira, waliokutana mjini Keroka. Tunaichapisha kwa ombi la walimu waliohudhuria.

  

Nimeombwa kuzungumza juu ya namna ya kulifanya somo la uandishi liwavutie wanafunzi. Mimi si mwalimu. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu ni kuandika na kusoma maandishi ya watu wengine kuanzia asubuhi hadi jioni. Tena Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa, na mwajiri wenu ni TSC. Kwa hiyo sikuja kuwaelekeza kazi yenu. Nimekuja kuwaeleza upande wa pili wa karatasi, upande wa yule anayepokea kilichoandikwa.

Kuna insha ambayo kila mwalimu humu ndani ameisahihisha. Inaanza siku ya Jumamosi. Majogoo yanawika, jua linachomoza, ndege wanaimba, upepo mwanana unavuma. Mwandishi anaamka, anapiga mswaki, anastaftahi. Mpaka atoke nyumbani, ukurasa wa kwanza umekwisha. Ukifungua daftari la pili, majogoo ni yale yale. La tatu, hali kadhalika.

Tusiwalaumu watoto. Mtoto huyo amefanya hesabu yake vizuri. Anajua insha yake itasomwa na mtu mmoja tu, tena mtu huyo hataki kujua lolote kuhusu Jumamosi yake. Anatafuta makosa na misemo ili atoe alama. Basi mtoto anampa misemo. Hakuna habari anayomweleza mtu yeyote, na ndiyo maana somo linamchosha. Na likimchosha yeye, mwalimu, litakuchosha na wewe unayesahihisha.

Kwa miaka mingi mtihani ndio uliokuwa ukisukuma gari hilo. Mtoto wa darasa la nane alikuwa na dakika 40 za kuandika Insha ya KCPE, nayo ilikuwa na alama 40. Alama hizo zilitosha kumfanya aandike hata kama hapendi. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Leo mtoto wa Gredi ya 6 hana tena ile Insha ya KCPE mbele yake. Wapo wanaofurahi na wapo wanaohofia kwamba uandishi utakufa. Mimi naona swali moja tu: kama mtihani hautamfanya aandike, ni nini kitakachomfanya?

Jibu langu ndilo kichwa cha hotuba hii. Mpeni msomaji. Mpeni mtu halisi, mwenye jina na kazi, anayehitaji kujua kile mtoto anachokijua, na ambaye atamjibu.

Kabla sijaeleza namna ya kufanya hivyo, niwaambie kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa serikali ya kaunti.

Afisi za umma hupokea barua. Kuna barua ya aina moja inayokuja mara kwa mara. Ina salamu ndefu, ina sifa kwa viongozi, ina methali mbili au tatu nzuri sana. Kisha inasema, "Tuna shida kubwa ya maji, tunaomba mtusaidie." Imekwisha. Haisemi ni chemchemi ipi, iko kijiji gani, iliharibika lini, inategemewa na nyumba ngapi, wala nani apigiwe simu. Afisa anayeipokea hana pa kuanzia. Barua inawekwa kwenye faili, na mama wa kijiji kile anaendelea kubeba mtungi kutoka mbali. Mwandishi wa barua ile alikwenda shule. Alifundishwa kuandika insha, pengine alipata alama nzuri. Alichokosa ni mazoezi ya kumwandikia mtu anayepaswa kuchukua hatua.

Sheria zetu zinadai ujuzi huo huo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ombi la habari litolewe kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, likiwa na maelezo ya kutosha kumwezesha afisa kuelewa kinachotakiwa. Afisa naye anapaswa kujibu kwa muda usiozidi siku 21. Asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa. Yule aliyesoma hana atakayemwandikia.

"Maelezo ya kutosha." Maneno hayo yamo katika sheria, lakini ni somo zima la uandishi. Mtoto anayejifunza leo kumpa msomaji maelezo ya kutosha ndiye mwananchi atakayejibiwa kesho.

Sasa tuje darasani. Wazo la kumpa mwanafunzi msomaji ni la zamani, na nitataja mifano miwili ya karibu miaka mia moja iliyopita.

Wa kwanza ni wa Ufaransa. Mwalimu kijana aitwaye Célestin Freinet alirudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza akiwa amejeruhiwa mapafu. Alifundisha katika shule ya kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa nchi ile. Hakuweza kuzungumza mbele ya darasa kwa muda mrefu, kwa hiyo akawa anawatoa watoto nje, wanatembea kijijini, wanaangalia mafundi na mashamba, wakirudi wanaeleza na kuandika walichokiona. Katika miaka ya 1920 alipata mashine ndogo ya kupiga chapa, watoto wakaanza kuchapisha maandishi yao wenyewe. Kisha wakaanza kubadilishana maandishi na watoto wa shule moja ya Brittany, upande mwingine kabisa wa nchi, kwenye pwani ya Atlantiki. Watoto wa milimani wakawaandikia watoto wa baharini, na kila upande ulikuwa na jambo ambalo mwenzake hakulijua. Hapo ndipo mtoto alipoona haja ya kuandika kwa usahihi, kwa sababu kama hakueleza vizuri, rafiki yake wa mbali hangeelewa.

Wa pili ni wa jirani zetu. Mwezi wa Januari 1923, Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika ilianza kuchapisha gazeti la Kiswahili lililotoka kila mwezi, Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, lenye matangazo na mafundisho ya serikali hiyo. Lakini lilitenga nafasi kwa barua, habari za wilayani na mashairi ya wasomaji. Karani wa mji mdogo au mwalimu wa kijijini aliweza kutuma shairi lake na kulikuta limechapishwa, na msomaji wa wilaya nyingine akamjibu. Mmoja wa walioandika mashairi humo alikuwa karani wa forodha, jina lake Shaaban Robert. Sisemi kwamba gazeti ndilo lililompa kipaji. Nasema kipaji kilipata mahali pa kusomwa. Kama jarida la serikali liliweza kufanya hivyo wakati ule, majarida yetu ya kaunti hayana kisingizio.

Walimu wangu, nimepanga mapendekezo matano. Hayahitaji kompyuta wala bajeti.

La kwanza: anzeni na kitu ambacho mtoto anakijua kuliko msomaji wake. Sisi tuna bahati. Hapa Keroka tumekaa mpakani mwa kaunti mbili, na soko liko hatua chache kutoka hapa. Kuna mtoto anayejua ndizi hupangwaje ili zisichubuke zikisafirishwa. Wa Tabaka anajua jiwe la kuchonga vinyago hutolewaje ardhini, na ni kipande gani kitapasuka kabla hakijawa kinyago. Wa kule mashamba ya majani chai anajua kwa nini mzani wa kituo cha kununulia huzua maneno. Mwambie aandike juu ya hicho, si juu ya "Siku Nisiyoweza Kuisahau". Mpe maswali ambayo mwanahabari hupewa siku yake ya kwanza kazini: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, na vipi. Asiyeweza kuyajibu arudi sokoni akaulize. Mkimtuma kuuliza, mfundisheni pia kumwamkia mtu kwa heshima, kujitambulisha na kuandika jibu kama lilivyotolewa.

La pili: wazungumze kwanza, waandike baadaye. Watoto wetu wengi wanaanza na Ekegusii, na Kiswahili wanakipata shuleni. Mtoto akiambiwa aandike papo hapo, anahangaika na mambo mawili kwa wakati mmoja, kutafuta la kusema na kutafuta lugha ya kulisema. Ndiyo maana anakimbilia majogoo, kwa sababu yale yako tayari kichwani. Mwacheni amsimulie mwenzake kwa dakika tano. Akikwama aulize neno, na neno liandikwe ubaoni kwa faida ya wote. Bibi zetu walitusimulia hadithi jioni na hakuna aliyesinzia, kwa sababu msimulizi aliona nyuso za wasikilizaji na kujua wapi aongeze na wapi apunguze. Mtoto anayesimulia kabla ya kuandika naye huziona nyuso hizo.

La tatu: tenganisheni habari na usahihi. Katika chumba cha habari, mhariri husoma kwanza kama kuna habari, halafu ndipo anaposhughulikia nukta na herufi. Nakala ya kwanza ya mwanafunzi iulizwe maswali tu: Ulikuwa wapi? Walikuwa wangapi? Huyu "yeye" ni nani? Nakala ya pili ndiyo ya kusafisha lugha. Sote tunajua ugonjwa wetu wa "r" na "l". Mtoto akiandika kwamba wazee walikwenda "kula" kumbe walikwenda kupiga kura, darasa litacheka, na ni sawa licheke naye. Lakini mkimjazia wino mwekundu kwenye nakala ya kwanza, kesho ataandika sentensi fupi asizoweza kuzikosea, na hatakuwa na habari yoyote. Mwambieni barua hii inakwenda kwa chifu, na chifu akisoma "kula" atadhani mnadai chakula. Atarekebisha mwenyewe, kwa hiari yake.

La nne: punguzeni mzigo wa kusahihisha. Darasa la wanafunzi 60, dakika tano kwa kila daftari, ni saa tano. Hakuna mwalimu mwenye saa tano kila wiki kwa insha za darasa moja, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya insha kuandikwa mara chache kuliko inavyofaa. Waandike kila wiki, lakini wewe usisome zote. Wagawe katika vikundi vya watu wanne au watano. Kila mmoja asome yake kwa sauti, wenzake wamwambie mambo mawili tu: mahali walipovutiwa na mahali walipopotea. Wewe chukua madaftari kumi kila wiki uyasome kwa makini. Baada ya wiki sita umewafikia wote 60, na kila mmoja ameandika mara sita. Insha mbili au tatu bora zibandikwe kwenye gazeti la ukutani. Karatasi ya manila na gundi vinatosha. Mtasikia nani anasimama kulisoma wakati wa mapumziko.

La tano, na ndilo kubwa: maandishi yatoke nje ya shule. Shule ya Tabaka iiandikie shule ya Magombo. Mtoto wa mawe amweleze mtoto wa ndizi, na mtoto wa ndizi amuulize maswali. Bahasha moja inaweza kubeba barua za darasa zima, na mhudumu wa matatu anaweza kuifikisha. Waandikieni pia watu wenye kazi: msimamizi wa wadi kuhusu kivuko kilichobomoka njiani kwenda shule, afisa wa afya kuhusu siku za chanjo, meneja wa kiwanda cha majani chai kumwomba awapokee wanafunzi. Vituo vyetu vya redio vinavyotangaza kwa Ekegusii husikilizwa nyumbani kila siku, na gazeti la Taifa Leo hupokea barua za wasomaji. Mlango hauko mbali.

Najua mwalimu wa Kidato cha Nne ananiuliza kimoyomoyo: na mtihani je? Mfumo wa 8-4-4 bado una watahiniwa hadi KCSE ya mwaka 2027. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ina insha mbili, alama 20 kila moja, na swali la kwanza ni la lazima. Mnalijua kuliko mimi. Mara nyingi ni barua, hotuba, kumbukumbu, mahojiano au ripoti, yaani maandishi yenye msomaji maalumu. Mwanafunzi aliyewahi kumwandikia msimamizi wa wadi barua ya kweli na kujibiwa hahitaji kukariri sura ya barua rasmi. Anajua kwa nini anwani na tarehe zipo, na kwa nini kichwa cha barua huandikwa kabla ya maelezo. Tena mtahini aliyechoka na majogoo atafurahi kukutana na mtu anayesema jambo.

Neno la tahadhari kutoka kwa kazi yangu. Mtoto ni mtoto hata akiandika vizuri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa binafsi za mtoto. Kabla ya kuchapisha jina au picha yake, mzazi akubali. Na mtoto akiandika jambo zito la nyumbani, kama vile kupigwa, njaa au kuguswa vibaya, hiyo si insha ya ukutani. Mwalimu aichukue, aitunze siri yake, na amtafutie msaada kwa njia zilizowekwa. Ukimfundisha mtoto kuandika ukweli, uwe tayari kuupokea.

Mwisho, upande wetu. Sitawaahidi vitabu wala walimu, kwa maana hilo haliko mikononi mwangu. Ninachoweza kuahidi ni mambo mawili. La kwanza, kila toleo la jarida hili litakuwa na ukurasa mmoja wa maandishi ya wanafunzi, ukiwa na kanuni ile ile tunayoitumia kwa maafisa wetu: tueleze nani, wapi na lini. La pili, barua ya shule itakayofika kwenye dawati langu itapata jibu la maandishi. Jibu linaweza kuwa "ndiyo", linaweza kuwa "hapana, na sababu ni hii", linaweza kuwa "jambo hili si la kaunti, mwandikieni fulani". Lakini jibu litakuwepo.

Hapo nawageukia maafisa wenzangu mlioketi mstari wa mbele. Walimu hawa wakifanya kazi yao vizuri, tutaanza kupokea barua za watoto wa miaka kumi na miwili. Zitakuwa na makosa ya "r" na "l". Zitatuuliza kwa nini bomba lililowekwa halitoi maji. Itakuwa rahisi kuziweka kando, kwa kuwa mwandishi hana kura. Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto aliyeandika barua nzuri na asijibiwe amefundishwa somo moja tu, kwamba kuandika ni kazi bure. Somo hilo akilishika, hakuna mwalimu atakayeweza kulifuta, na akiwa mtu mzima hatatuandikia tena. Atanyamaza, au atafunga barabara.

Walimu, muhula huu chagueni darasa moja, barua moja, msomaji mmoja. Anayetaka kuanza na sisi, tuko tayari kusoma.